Kijiti Aliyebaki

Simu ililia mchana, fundi akiwa amelala kifudifudi nyuma ya friji la mteja, tochi mdomoni. Akaipokea kwa mkono wenye grisi bila hata kutazama namba.

"Kijiti, mwanangu," sauti ikasema. "Naumwa. Njooni mnichukue, wewe na kaka yako."

Tochi ikamdondoka. Mjini hakuna aliyemjua kwa jina hilo. Wote walimwita Fundi, hata mwenye nyumba wake. Kijiti ni jina alilopewa na mama kwa wembamba wake wa utotoni, na aliliacha nyuma ya ukuta wa Wasikilizaji, siku yeye na kaka yake walipojibanza chini ya magunia ya lori la viazi wakatoroka. Mama alikataa kutoka nao.

Wasikilizaji walikuwa watu kama wewe na mimi: washonaji, walimu, wauguzi. Walihamia kwenye kiwanda cha zamani cha kugandisha nyama wakimfuata mtu waliyemwita Mlezi. Ndani ya chumba cha baridi cha kiwanda hicho kulikuwa na kitu kilichoanguka kutoka juu kikatoboa paa. Kilikuwa cheusi, kikubwa kama ng'ombe aliyelala. Walikiita Mgeni. Kila mtu alikuwa na zamu ya kukaa mbele yake gizani, ayakumbuke maisha yake polepole, Mgeni asikilize. Fundi alipokuwa msichana mdogo alitoka kwenye zamu zake akiwa na kichwa chepesi, kana kwamba mtu amemchokonoa mifukoni.

Kaka yake alikuwa kinyozi, na alikuwa na ugonjwa wa kutania kila alipoogopa. Alipoambiwa habari za simu aliweka mkasi mezani.

"Tunaenda, tunamchukua, tunarudi kabla chai haijapoa," alisema. Njiani, ndani ya gari lake, alitania mfululizo, mpaka walipoliona geti.

Geti lilikuwa wazi. Jua la saa tisa lilikuwa linachoma uwanja, na watu walikuwa wanafagia, wanaanika nguo, wanawasalimu kwa upole kama majirani. Fundi akautazama ukuta wa chumba cha baridi. Kompresa ilikuwa imeoza kwa kutu, nyaya zake zimekatwa na kuning'inia, mashine ya kupoza ambayo haijawaka miaka. Hata hivyo ukuta ulikuwa umefunikwa na barafu, jua likiupiga na barafu haitoi hata tone.

"Kaka," alinong'ona, "hiyo baridi inatoka wapi?"

"Usiniulize mimi. Mimi nanyoa vichwa."

Mama walimkuta karaini, anafua. Alikuwa mzima kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Wala hakushtuka. Aliwatazama juu mpaka chini, akakunja uso. "Mbona mmebadilisha nguo? Si nimewaambia mkapumzike ndani?"

Fundi alimsogelea. "Mama, ndiyo kwanza tumefika. Wewe umetupigia simu."

"Simu? Mimi simu niitoe wapi?"

"Nimepiga mimi," ikasema sauti ya mama nyuma yao, na mama mwenyewe mdomo ameufunga.

Wakageuka. Mlangoni alisimama msichana mwembamba wa miaka kumi na minne hivi, amevaa gauni ambalo Fundi alitoroka nalo akalichoma moto mwenyewe. Kovu lilikuwa pale pale kidevuni. Macho yalikuwa yale yale anayoyaona kila asubuhi kwenye kioo. Ila uso ulikuwa umelainika kama sabuni iliyotumika sana. Sikio moja halikuwepo, na vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeanza kushikana.

"Mgeni ameanza kunisahau," msichana akasema, sasa kwa sauti yake mwenyewe, na sauti hiyo ilikuwa ya Fundi. "Nimewaita kwa sababu naogopa. Kaka ameshaisha."

Akaonyesha benchi la kivulini. Pale alikaa mtu mwenye shati la mvulana. Uso wake haukuwa na macho wala mdomo, ulikuwa laini kama yai. Kinyozi alipoguna kwa hofu, uso ule ukageuka taratibu kuifuata sauti yake.

"Mungu wangu," kinyozi akasema. Safari hii hakuwa na utani.

Mlezi akaja, mzee msafi mwenye tabasamu la daktari. "Mgeni hapendi kupungukiwa," akaeleza. "Mlipoondoka, baridi yake ilituua wawili usiku mmoja. Kisha akajitengenezea nyinyi wengine, kwa yale aliyokuwa ameyasikia kwenu. Sasa yanamwishia. Ingieni mumwongezee. Kidogo tu."

"Twende, dada!" kinyozi akapaza sauti, lakini mikono ilishamshika. Mshonaji, mwalimu, mwanamke aliyekuwa anafagia, wote walimbeba kimyakimya kama wanaobeba kabati. Fundi aliruka, akauma mkono wa mtu, akavutwa nywele, akaangushwa. Mlango mzito ukafungwa na kaka yake akiwa ndani. Komeo likashuka.

Papo hapo watu wote wakaanguka kifudifudi, Mlezi naye, vipaji vya nyuso chini. Mgeni anaposikiliza hakuna anayeinua kichwa, isipokuwa mshika komeo. Mshika komeo alikuwa mama.

Fundi alijizoa akaukimbilia mlango. Kutoka ndani alisikia makofi ya mtu anayegonga kwa viganja, na makofi yenyewe yanapungua. Alijua vyumba vya namna hiyo. Huwa vina kitasa cha kufungulia kwa ndani, asije akafungiwa mtu. Kwenye mlango huu kilikuwa kimeng'olewa, tundu limezibwa kwa bati.

"Mama, fungua. Atakufa."

"Hafi. Anapungua kidogo tu." Mama alikuwa analia, lakini mkono wake haukuondoka kwenye komeo. "Mtoto wangu ananiyeyukia, Kijiti. Kila asubuhi naamka nakuta kipande hakipo."

"Mtoto wako ni mimi! Mimi ndiye niliyepita tumboni mwako!"

"Mimi ndiye niliyepita tumboni mwako," akasema msichana, kwa uchungu uleule, na hakuwa anaigiza. Alikuwa anaamini.

Mama akawatazama wote wawili. Ubaridi uliokuwa unavuja chini ya mlango uliwazunguka miguuni, na kila Fundi alipohema, mvuke mweupe ulimtoka mdomoni. Msichana alikuwa amefungua mdomo, anasubiri jibu. Kinywani mwake haukutoka mvuke.

Mama aliliachia komeo.

Fundi akalivuta kwa nguvu zake zote. Kaka yake akaangukia nje, midomo ya kijivu, lakini mvuke unamtoka. Akamshika kwapani akaanza kumburuta kuelekea gari. Mlezi hakuinua kichwa, ila alikuwa anapiga ardhi kwa kiganja, kama mtoto aliyenyang'anywa titi.

"Mama, njoo! Gari ni hilo hapo!"

Mama alikuwa amemkumbatia yule msichana.

"Huyu naye hana mama mwingine," akasema. "Nakujua tangu siku uliyozaliwa, Kijiti. Nitamsimulia Mgeni mimi. Nitamsimulia mpaka huyu atengemae."

Wakaingia ndani, mama mbele, msichana ameshika kanga yake nyuma. Mlango ukarudi wenyewe kwa uzito wake.

Fundi aliendesha bila kutazama kioo. Walipofika barabara ya lami, kaka yake aliinua kichwa.

"Samahani, dada," akasema kwa adabu, kama anavyoongea na mteja mgeni. "Sisi tunajuana?"

Alikumbuka kazi yake, alikumbuka mke wake na wateja wake wote. Yaliyotangulia safari ya lori yalikuwa yamefutika, na mama na dada yake wamefutika nayo. Polisi walikwenda, wakarudi na kusema wamemkuta mama wa watu na binti yake mmoja mzuri, wanaanua nguo. Ameulizwa, amesema haendi popote.

Sasa jioni nyingi Fundi hupita kinyozini akamsimulia kaka yake alivyokuwa mtoto. Humsimulia alivyoogopa kuku, na wimbo ambao mama alikuwa akiwaimbia wakiwa na homa. Yeye husikiliza huku akifuta mashine zake, ametulia, anatabasamu.

"Anaonekana alikuwa mama mzuri," alisema wiki iliyopita. "Siku moja nitaenda kumwona. Umesema njia ni ile ya kiwandani?"

Fundi aliinuka. Alichukua ufunguo wa gari la kaka yake pale kwenye msumari, na tangu siku hiyo analala nao chini ya mto.