Watazamaji wa Nashilu

Krrr-krrr-krrr, kama panzi aliyenaswa ndani ya debe. Nashilu alipousikia mlio huo wa mashine ya sinema aliacha sabuni juu ya jiwe, akajifunga shuka.

"Wamefika," alimwambia Nosim, mke mwenzake.

Ng'ambo ya kijito, juu ya majani, Wazungu walikuwa wameketi kwenye safu za viti vyekundu, wakivuta sigara. Mbuzi waliwazunguka na kuendelea kula.

"Yule mwenye upara karudi," Nosim alisema. "Huyo angekutolea mahari."

"Mchukue wewe. Mimi tumbo lile sina pa kuliweka."

Endulen yote ilijua habari hiyo. Mwaka mmoja kabla mpaka wa Kenya haujafungwa, wapiga sinema walikuja na mkalimani wao Elibariki, kijana wa Karatu, wakaomba kupiga picha za ng'ombe. Nashilu aliwapa maziwa. Walipoyanywa akatulia, kwa kuwa aliyekunywa maziwa ya boma haliibii boma. Kesho yake walijificha nyuma ya migunga wakampiga picha akioga. Tangu hapo, kila filamu ilipoonyeshwa huko Ulaya, watazamaji wake walitokea hapa kijitoni na viti vyao, na Nashilu hakuoga tena akamaliza.

"Hodi, mama!" Elibariki aliita kutoka kichakani, amewapa mgongo. Alikuwa ametoka hoteli ya ukingoni mwa kreta, alikofikia mwenye filamu; Nashilu alimtuma akamwombe aiondoe ile picha.

"Sema hapo hapo ulipo," Nashilu alijibu. "Ataiondoa?"

"Amekataa. Anasema uliwakaribisha kwa maziwa, tena ulicheka. Kwake huko ndiko kukubali."

"Nilicheka kwa sababu ndama alikuwa akila kofia yake!"

"Nilimwambia, mama. Anasema watu wanaipenda."

"Na wewe?" Nosim aliuliza. "Ulijua?"

"Niliambiwa ng'ombe. Nikawaambia ng'ombe."

Nashilu alikaa juu ya jiwe. Nosim alivua shuka lake la juu, akaingia majini, akalitandaza kwa mikono yote miwili mbele ya viti. Hakuna Mzungu aliyesogeza hata shingo. Walichokuwa wakikitazama kilikuwa cha zamani.

"Hawalioni hilo shuka," Nashilu alisema.

"Najua. Picha waliyoiba wanayo. Lakini ya leo ni yako. Oga, mwenzangu. Kila watakapokuja nitasimama hapa, hata nikiwa kikongwe wa mkongojo. Nakuahidi."