Gauni la Mama Halikupwaya

Mimi si mtu wa kuamini mizimu. Mtu akifa amekufa, na aliyebaki ana sahani za kuosha. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu, tena kwa sauti ya juu, mpaka nilipoanza kukimbia asubuhi na kusikia mtu anahema nyuma yangu.

Alihema kama Mama. Pumzi mbili fupi, kisha moja ndefu yenye mluzi ndani yake. Nikigeuka, naona barabara tupu, mfagiaji mmoja na paka wake. Nikianza tena kukimbia, naye anaanza.

Tunakaa ghorofa ya juu kabisa, katika jengo ambalo lifti yake iliharibika kabla sijaolewa na mpaka leo ni stoo ya mafagio. Mama alikuwa akiishi nasi. Alikuwa mnene, mcheshi, mpenda vya kukaanga na chai ambayo kijiko kingesimama wima kwa sukari. Ukimwambia apunguze, anakujibu, "Mwanangu, nikipungua mimi, nani atanitambua?" Tunacheka, yanaisha.

Siku hiyo tulikuwa tunatoka sokoni. Tulipofika pale ngazi zinapokata kona kuja kwetu, alishika ukuta akaniambia, "Tangulia, nakuja." Alikuwa akisema hivyo kila siku, kwa hiyo nikatangulia. Nikaweka maji jikoni, nikakata vitunguu, na katikati ya kitunguu nikagundua kwamba simsikii akihema. Niliposhuka nilimkuta amekaa pale pale, mfuko wa viazi mapajani, kichwa kimeegemea ukuta. Daktari alisema ni moyo. Akataja presha, sukari, uzito, kukaa sana bila kuushughulisha mwili. Mimi nilikuwa nimesimama na harufu ya vitunguu mkononi, nasikia maneno kwa mbali.

Katika nguo zake zote nilibakiza gauni moja, la kahawia, lenye vifungo vyeupe mbele. Lilishonwa na mume wangu. Mtaa mzima unamwita Fundi, na mimi pia namwita Fundi, maana hata jina lake mwenyewe haliitikii haraka. Duka lake liko chini ya jengo letu, cherehani moja, meza moja, na ukimya mwingi. Siku alipompima Mama kwa ajili ya gauni hilo, Mama alimwambia, "Mkwe, niachie nafasi humo ndani. Mimi bado nakua." Fundi hakucheka, Fundi hacheki kazini, lakini alimwachia. Ndani ya mishono alikunja kitambaa cha akiba upana wa kiganja.

Mwaka nilipofikia umri aliofia Mama, nilifungua sanduku nikalivaa gauni lile, mzaha tu. Lilinikaa. Lilinikaa kifuani, kiunoni na kwenye nyonga, kana kwamba mimi ndiye niliyepimwa siku ile. Nilijiangalia kwenye kioo nikamwona yeye.

Kesho yake nilikwenda kliniki. Presha ilikuwa imepanda kidogo. Daktari, kijana mwenye subira, aliniambia maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa: tembea nusu saa kila siku, punguza chumvi, sukari na mafuta, nusu ya sahani yako iwe mboga, lala vya kutosha, na usifanye kwa pupa. Yote niliyabeba vizuri, isipokuwa hilo la pupa. Nilikataa pia kupanda mizani yake. Nilimwambia mizani niliyo nayo nyumbani inatosha, na nilikuwa na maana ya gauni.

Mwanzoni mambo yalikuwa matamu, sitasema uongo. Nilitembea, kisha nikakimbia. Niliacha soda, nikaacha vitumbua vya kazini, nikajifunza kwamba maharage yana ladha yake bila kuogeleshwa mafuta. Magoti yaliacha kulalamika. Nililala usingizi wa mtoto. Presha ilishuka, daktari akafurahi, na mimi nikawa msumbufu kama mtu yeyote aliyepata dini mpya. Nilimhubiria kila aliyekaa karibu yangu na sahani.

Nikalitoa gauni. Lilikuwa limepwaya. Kiunoni niliweza kupitisha mkono mzima. Nilisimama mbele ya kioo nikalia kwa furaha, machozi mpaka kidevuni, na nikamwambia Mama kwa sauti, "Umeona? Mimi sikufuati." Nilipogeuka, Fundi alikuwa mlangoni. Aliniangalia, akaliangalia gauni, akafunga mlango taratibu akaondoka. Sikumwita. Nilijiambia mambo ya mtu na mamake hayahitaji fundi.

Mwezi uliofuata nililivaa tena, na lilinikaa. Kifuani, kiunoni, kwenye nyonga, vile vile kama siku ya kwanza.

Siwezi kueleza baridi iliyonipata. Nilikuwa nimekula kidogo kuliko mwezi uliotangulia na kukimbia zaidi, na mwili wa Mama ulikuwa umerudi kunivaa. Ni asubuhi iliyofuata ndipo nilipoanza kusikia kule kuhema nyuma yangu.

Basi nikaongeza. Nikaondoa wali, nikaondoa viazi, nikaondoa mayai, mwisho nikawa nabishana na tango. Nilikimbia alfajiri kabla ya kazi, na nikirudi kutoka kazini nikapanda ngazi zetu na kushuka, kupanda na kushuka. Kila mwezi nililitoa gauni, na kila mwezi lilinikaa. Nguo nyingine zilikuwa zinaniteleza, hilo nililiona, lakini nguo za siku hizi hulegea zenyewe, ukizifua mara mbili zimekuwa matambara. Gauni la Mama lilishonwa na mkono ninaoujua. Hilo halisemi uongo.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, upande wa kufungasha. Fikiria mwenyewe: mtu anayeogopa chakula, amezungukwa na mikate ya moto kutwa nzima. Mwenzangu pale ni mama mmoja mnene kiasi, mwepesi wa miguu, anayetembea kuja kazini na kurudi kila siku, na kila sahani yake ina kitu cha kijani. Tunamwita Bi Hamira, kwa sababu akiingia mahali, mahali panaumuka. Alianza kwa utani. "Shoga, leo kuna upepo, nikufunge na kamba?" Kisha utani ukapungua.

"Unaumwa?" aliniuliza siku moja, tukiwa tunavua maovaroli.

"Siumwi. Najitunza."

"Kujitunza gani huku mashavu yameingia ndani? Hebu jiangalie mikono."

"Bi Hamira, kila mtu ashike lake. Mimi najua ninachokimbia."

"Sawa, unakijua. Lakini kamba hukatikia pembamba, mdogo wangu. Na wewe umebaki pembamba tupu."

Nilimwambia wivu ni ugonjwa, na aupeleke hospitali. Aliweka mkate mdogo juu ya mfuko wangu, nami niliutoa nikamwachia mlinzi getini.

Nyumbani Fundi naye hakuwa na la kusema isipokuwa moja. Alikuwa ananisogezea sahani na kusema, "Kula kidogo, mke wangu." Mimi nilikuwa naisogeza ilikotoka. Tulisogezeana sahani ile mpaka chakula kikapoa, kila siku, na alikuwa haongezi neno. Nilimkasirikia kwa ukimya wake. Kumbe kimya kingi kina mshindo mkuu, ila mshindo wenyewe ulikuwa bado njiani.

Wakati huo yule wa nyuma yangu alikuwa hanifuati barabarani tu. Alikuwa ngazini. Nikipanda, naye anapanda, pumzi mbili fupi na moja ndefu yenye mluzi. Nikisimama kumsikiliza, pumzi zake zinaendelea kidogo, kisha ananyamaza. Nilikuwa na hofu, nasema wazi, hofu ya kutoka jasho la baridi mgongoni. Sikuwa naogopa kwamba Mama amerudi kunidhuru. Mama hakuwahi kumdhuru hata mende. Niliogopa kwamba amechoka kuningoja.

Siku iliyoniangusha ilikuwa mchana mweupe, nimetoka kazini, jua kali. Nilianza kupanda. Pale ngazi zinapokata kona nilishika ukuta, na kuhema kule kukanijia karibu kabisa, si nyuma tena, bali kifuani mwangu mwenyewe. Mbili fupi, moja ndefu, mluzi. Ilikuwa pumzi yangu. Nilitaka kuita, ulimi ukawa mzito. Nilikaa. Nakumbuka ukuta ulikuwa wa baridi, na nikawaza kwamba hapa ndipo kichwa chake kilipoegemea.

Fundi anasema alisikia hatua zangu zikikatika. Anasema amekuwa akizisikiliza hatua zangu kutoka dukani tangu Mama afe, na hilo sikuwahi kulijua. Alipanda mbio, futi ya kupimia shingoni, akanibeba kama anavyobeba jora la kitambaa, tena si jora kubwa.

Kliniki walinipandisha mizani bila kuniomba ruhusa. Muuguzi alisoma, akaigonga mizani kwa kidole, akasoma tena. Daktari kijana alikuja akakaa kitandani kwangu.

"Mama, nilikuambia utembee. Huku si kutembea. Huku ni kukimbilia kaburi. Mwili usipopata chakula unaanza kujila wenyewe, na moyo nao ni nyama."

"Mizani yenu mbovu," nikamwambia.

"Mizani ni nzima."

"Mbovu! Mimi nina mwili wa mamangu. Fundi, nenda kaniletee lile gauni. Nenda, nivae hapa mbele yao waone."

Fundi alisimama mlangoni, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Akaenda. Aliporudi na gauni kwenye mfuko, hakunipa. Alilikumbatia.

"Lete basi."

"Mke wangu," alisema, "nisikilize kwanza."

"Lete, Fundi!"

Nilimnyang'anya, na kwa haraka yangu gauni likageuka ndani nje. Basi nikaona. Kila mshono ulikuwa na mshono mwingine pembeni yake, na mwingine pembeni ya huo, mistari ya uzi wa kahawia na alama za chaki zilizofutika nusu. Ndani ya kwapa, ubavuni, nyongani, kitambaa kilikuwa kimekunjwa na kukunjwa tena mpaka kimekuwa kinene kama pindo la blanketi. Mama mzima alikuwa amekunjwa humo ndani.

"Ni wewe?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Kwa nini?"

Fundi anapotaka kusema jambo refu huangalia vidole vyake. Aliviangalia. "Nilikuona unalia, ile siku, mbele ya kioo. Gauni limekupwaya. Nikajua unalia kwa sababu la mama yako halikukai tena. Nikasema, huyu alishampoteza mara moja, asimpoteze tena kwa sababu ya nguo. Basi kila ukienda kazini nalipunguza kidogo. Ulikuwa unakonda haraka, ilibidi niwe nawahi."

"Nilikuwa nalia kwa furaha."

Alinyanyua macho. Sijawahi kuona uso wa mtu ukianguka namna ile. Muuguzi aliondoka akajifanya anatafuta kitu.

"Hukusema," alisema.

"Na wewe hukuuliza."

Sikuwa na hasira. Nilizitafuta hasira zangu, mimi ambaye huwa nazo hata za kugawa, sikuzipata. Niliwaza tu miezi ile yote, mimi nakimbia ili gauni linilegee, naye chini anainama kwenye cherehani ili lisinilegee, na sote wawili kwa mapenzi. Karibu tuniue, tena bila kugombana hata siku moja.

"Lifumue," nikamwambia.

Alitoa wembe kwenye mfuko wa shati. Alifumua pale pale, kitandani kwangu, mshono baada ya mshono, nyuzi zikianguka juu ya shuka, na kitambaa kikafunguka kidogo kidogo mpaka gauni likarudi lilivyokuwa. Muuguzi alinisaidia kulivaa. Mabega yaliniteleza. Kati yangu na kitambaa palikuwa na nafasi ya mtu mwingine mzima, na kwa mara ya kwanza tangu Mama afe niliona jinsi alivyokuwa mkubwa, na jinsi mimi nilivyokuwa si yeye. Nililia. Safari hii Fundi aliniuliza nalilia nini, nami nikamwambia.

Walinilaza siku kadhaa. Bi Hamira alikuja na mkate bado una joto, akaukata, akanitazama mpaka nikatafuna. "Taratibu," alisema, "hakuna anayekukimbiza." Nilitaka kumwambia kwamba alikuwepo mmoja.

Siku ya kurudi nyumbani daktari alinipa maagizo yale yale ya mwanzo: nusu saa, mboga nusu ya sahani, na nusu nyingine iwe chakula, chakula kweli. Akasisitiza lile la pupa. Tulifika kwenye jengo letu jioni mapema, watoto wa jirani wanacheza mpira. Fundi alibeba mfuko wangu, ndani yake gauni. Tulipanda polepole. Pale ngazi zinapokata kona miguu ilianza kutetemeka, nikashika ukuta, na mdomo wangu ukasema wenyewe, bila kunishauri.

"Tangulia, nakuja."

Fundi aligeuka. Alikuwa juu yangu vidato viwili, na niliona kwamba amesikia hasa nilichosema, na ni nani aliyekisema kabla yangu.

"Nitangulie wapi?" alisema.

Akashuka, akaketi kwenye kidato, akaweka mfuko mapajani. Nami nikaketi. Nilisikiliza. Pumzi yangu ilikuwa fupi fupi, ya Fundi nzito. Na chini yetu, taratibu, mtu alikuwa anapanda, pumzi mbili fupi, kisha moja ndefu yenye mluzi.

Sikugeuka. Nilimsogelea Fundi, nikabana magoti yangu, nikaacha nafasi upande wa ukuta.