Kanuni za Mfereji Kwenye Simu

Mimi, Fanny, nipe makaratasi ya Kifaransa cha kuumiza kichwa, nitakurudishia kitu kinachosomeka hata kwenye simu iliyopasuka kioo. Mtaa wetu wote wa Kimanga unajua. Ndiyo maana komite ya mfereji wa Kiringye iliniletea kanuni zake, rundo ambalo hakuna mkulima aliyewahi kulifungua. Walitaka zisambae kwa WhatsApp kabla ya mpunga kupandwa.

Nilizifupisha, nikatia picha na sauti. Kazi yangu huwa naijaribu kwanza kwa mtu ambaye inamhusu, basi nikamwita Mama Pétronille wa Kiringye, anayeuza sombe, majani ya muhogo, mbele ya duka langu. Msimu uliopita komite ilimnyang'anya zamu ya maji kwa kukosa salongo, ile siku ambayo wote hufukua mfereji pamoja. Siku hiyo alikuwa amelazwa hospitalini Lemera. Mpunga wake ulikauka, na mpaka leo hajarudishiwa zamu. Jambo hilo liliniuma sana.

Prezida wa komite, Papa Anastase, akaingia na koti lake. Akatazama ukurasa wa kwanza, akanuna.

"Fanny, salamu yangu iko wapi? Na majina ya bakubwa?"

"Niliyatoa, Prezida."

"Weye unatoa jina ya shefu? Batasema minye siko na heshima!"

Kwetu hata harusi haianzi kabla wakubwa hawajatajwa mmoja mmoja kwa vyeo vyao. Sikubishana. Nikamrekodi kwa video akitoa salamu yake, nikaiweka mbele, nikaituma kwa Mama Pétronille. Prezida alikuwa bado anawashukuru wakubwa video ilipokwama.

"Mega za simu zimeisha," Mama Pétronille akasema. "Kanuni yenyewe iko wapi?"

Prezida akakohoa. Nilimwonea huruma, lakini kidogo tu.

"Papa," nikamwambia, "batu banajua sauti yako. Acha salamu. Soma weye mwenyewe kanuni ya salongo, kwa Swahili yetu."

Nilijua ninachofanya, na sioni haya. Akakubali kwa furaha, nikawasha rekodi, naye akasoma kama yuko mimbarani: "Muntu mwenye kugonjwa siku ya salongo hatapoteza maji yake. Atafanya kazi yake akipona."

Mama Pétronille akaweka beseni lake chini.

"Ni weye umesema, Papa Prezida. Minye nilipona. Maji yangu inakuja siku gani?"

Prezida akanigeukia. "Kumbe hii iko ndani? Minye nilitia sinyatire, saini yangu, bila kusoma mpaka mwisho."

Akakaa kwenye kiti, akafikiri.

"Mama, maji yako utaipata juma hii. Unisamehe." Kisha akaniambia, "Fanny, tuma vile iko."

Nilituma kwa wakulima wote huku nimejaa furaha. Prezida hata hajafika mlangoni, simu yake ikalia. Alikuwa mkulima mwingine aliyeugua msimu ule ule, anauliza maji yake yanakuja siku gani.