Shangazi Asiende Kinyangiri

Nimeishia darasa la saba. Hili naliandika kwa ajili ya mama mwenye mtoto kama wangu, achunge mdomo wake kuliko nilivyochunga wangu.

Mwanangu Emilian ana miaka ishirini na tisa. Ni fundi wa mashine za kukamua alizeti hapa Singida mjini, na mashine ikigoma watu wanamfuata mpaka nyumbani kwetu Utemini. Nilipomzaa kijijini kwetu Kinyangiri walisema ni mtoto wa kike, nami nikamvisha gauni. Alipofika miaka ishirini akaniambia yeye ni mwanaume, na amekuwa hivyo tangu anajijua. Nilimpeleka kuombewa mara mbili. Mara ya tatu akakataa, na mimi nikachoka kumlilia mtu aliye hai. Tukahamia mjini, akaishi alivyo. Jina alilopewa alipozaliwa siliandiki hapa, alishaliacha.

Mwaka huu akampata Catherine, binti wa kijiji cha Mkiwa anayeleta alizeti ya baba yake kukamuliwa. Miezi minane wanaongea, na Emilian anatafuta siku ya kumwambia. Mimi ndiye niliyemharibia.

Shangazi yake Catherine alinikuta sokoni, akamsifia kijana wangu, aliyekuwa amemsikia tu kwa Catherine. Kichwa kikanivimba. Nikamwambia, "Sisi ni wa Kinyangiri. Ukifika pale ulizia tu ukoo wetu, kila mtu anatujua." Akasema vizuri, maana kabla ya kupokea barua ya posa ni lazima akaulizie, na Jumatatu angeenda. Hapo ndipo nilipogundua nilichofanya. Kinyangiri nzima inajua nilizaa msichana mmoja, basi.

Nikamwambia Emilian nitampigia kaka yangu kule aseme nilizaa mapacha, wa kike na wa kiume.

Alikuwa anafuta grisi mikononi. "Na huyo wa kike yuko wapi, mama?"

"Tuseme aliolewa mbali."

"Mahari yake ukala peke yako?" Akacheka, halafu akaacha. "Catherine ataambiwa na mimi. Kesho."

Niliogopa sana. Wapo waliopigwa kwa jambo hili, wapo waliofukuzwa mtaani. Nikampa masharti: iwe mchana, iwe kwetu, na kwenye simu asiandike neno, maandishi yanasambaa. Mdogo wangu Alphonce nikamweka nje ya mlango na baiskeli yake, ajifanye anatengeneza mnyororo.

Catherine akaja. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Akakaa, akavuta ungo wangu wa choroko, akaanza kuchambua. Nikanyanyuka niwapishe. Emilian akasema, "Mama, kaa."

Kisha akamgeukia binti wa watu. "Shangazi yako akifika Kinyangiri ataambiwa nilizaliwa msichana. Ni kweli walinilea hivyo. Mimi ni mwanaume, Catherine, ila mwili niliozaliwa nao siyo unaoudhani. Nimetaka ulisikie kwangu."

Catherine aliendelea kuchambua choroko muda mrefu, hata pale pasipokuwa na jiwe.

"Miezi minane," akasema.

"Niliogopa utapiga yowe."

"Mimi na yowe wapi na wapi." Akasukuma ungo. "Na watoto?"

"Wa kuzaa na wewe, hapana. Wa kulea, wapo tele."

Akanigeukia mimi. "Mama, ulijua?"

"Nimemzaa," nikasema.

"Mama alitaka tukuambie nina pacha," Emilian akadakia.

Catherine nusura acheke, lakini machozi yalikuwa karibu zaidi. Akaaga, akaondoka. Alphonce akaingia na mnyororo mkononi. Alikuwa ameufungua kweli na sasa hawezi kuurudisha. Emilian akachuchumaa, akamrudishia. Mikono yake ilitulia. Nilimwangalia nikajiambia, hata huyu binti asiporudi, mwanangu leo amesema ukweli wa maisha yake mbele ya mtu anayempenda, na hakuinamisha kichwa.

Siku tatu kimya. Jumapili jioni Catherine akapiga simu kwangu, siyo kwa Emilian.

"Mama, nimemzuia shangazi. Nimemwambia habari za Emilian nilizozitaka nimeshazipata. Amenuna. Anasema basi atakuja kwenu kunywa chai."

"Umemwambia?"

"Hapana. Hilo ni la Emilian. Na mimi bado namtaka, mwambie apokee simu zangu, anajificha nini?"

Kwa hiyo mama mwenzangu, mtoto akikuaminia jambo lake, usilitangulie wala usilitungie uongo. Mlindie tu siku na mahali pa kusemea.

Shangazi alikuja Jumatano. Alikunywa vikombe viwili, akamtazama Emilian akirudi kutoka kazini, akaniuliza, "Huyu ndiye mwanao?"

"Ndiye," nikajibu. "Nimemzaa mimi." Nikaishia hapo, nikammiminia kikombe cha tatu.