Macho ya Mama Niliyoyarekebisha

Msinipe pole mimi. Mpeni mdogo wangu wa kike, fundi cherehani, ambaye siku hizi anatunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa.

Mimi ni mpiga picha, na sijisifu, kwa kusafisha sura ya mtu sina mpinzani. Chunusi natoa, kipara napunguza, bwana aliyekimbia namfuta naweka ua mahali pake. Mama yetu alikuwa na macho yaliyotoka nje, na watoto wa jirani walimwita Taa. Jina lile lilinichoma. Alipofariki, mdogo wangu akiwa bado ananyonya, nilizikalia picha zake moja moja, nikashusha kope, nikayarudisha macho ndani. Na za bibi mzaa mama vilevile. Nikajiona nimewasitiri.

Mwaka jana mdogo wangu akaanza kukonda, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka hadi mshono unakwenda upogo. Daktari akasema ni tezi ya shingo. Kinga ya mwili wake mwenyewe inaichokoza, nayo inafanya kazi kupita kiasi. Akauliza kama kwetu kuna aliyewahi kuugua hivyo au kutokwa macho, maana jambo hili hufuata damu ya ukoo. Mdogo wangu akanigeukia mimi.

Nilijua, jamani. Lakini nimvue mama nguo mbele ya daktari kijana vile? Nikatoa simu kwa kiherehere changu, nikaonyesha mama na bibi, macho yametulia kabisa. Nikasema kwetu hakuna kitu kama hicho.

Basi wakamnywesha dawa ya mionzi ya kuunguza tezi. Tezi ikatulia, macho ndiyo yakaanza. Yakavimba, yakawa mekundu, yakatoka. Akawa anaona vitu viwili viwili, kisha jicho la kushoto likafifia. Nikarudi kwa daktari peke yangu, nikamweleza ukweli. Hakunifokea, na bora angenifokea. Alisema urithi peke yake hauamui kila kitu, lakini angejua mapema, angempeleka kwanza kwa daktari wa macho, na dawa ile asingeikimbilia.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu keshakua, tunalala naye kitanda kimoja.

Mdogo wangu nilimwambia mwenyewe, chumbani kwake, vitambaa vya wateja vimerundikana bila kushonwa. Nilingoja anitukane. Akachukua kioo, akajitazama kwa lile jicho zima, muda mrefu.

"Kumbe hivi ndivyo mama alivyokuwa," akasema. "Kaka, niletee picha yake moja ya kweli. Nimwone kabla na hili halijafifia."

Ikabidi nimwambie kwamba zile za kweli nilizichoma zote, mpaka mikanda ya filamu zilikotoka.