Isale la Kupeleka Mashati

Nilipostaafu kuongoza wageni mlimani, sikustaafu kusema pole pole. Kwa miaka ishirini na minane niliwaambia Wazungu neno hilo, na waliolidharau niliwashusha kwa machela wakitapika. Kwa hiyo jumuiya yetu ya Soweto, hapa Moshi, ilipopanga hija ya miguu hadi groto ya Bikira Maria kule Mashati, Rombo, walinipa mimi uongozi wa mwendo. Nilikubali kwa maringo.

Nilikuwa na hija yangu ndani ya ile yao. Mdogo wangu Sirili aliishi Mashati, kwenye kihamba cha baba yetu, shamba la migomba tulilogawana, karibu na groto. Miaka tisa nyuma, yeye akiwa amelazwa hospitali, niling'oa masale, ile mimea ya mpaka wetu, nikayapanda upya hatua nne ndani ya migomba yake. Alirudi, akaona, hakunishtaki popote. Aliacha tu kunisalimia. Ni wizi, na niliufanya nikiwa na akili zangu timamu.

Mwaka huu nilichoka kuishi hivyo. Nilikata jani moja bichi la isale, nikalipiga fundo, nikampigia simu mkewe, Stella, kwamba Jumatano ningefika nalo kumwomba Sirili msamaha. Kwetu, mtu aliyekuja na isale hafukuzwi. Lakini anayeombwa lazima awe nyumbani kwake, alipokee kwa mkono wake. Likimkosa, ukoo wetu unahesabu kuwa amelikataa, na laana ya isale lililokataliwa hushukia watoto wa pande zote mbili. Stella aliniambia kwamba Sirili aliposikia alilia.

Tuliondoka Jumatatu, watu kumi na mmoja. Simu niliamuru zibaki nyumbani, nikasema hija si mkutano wa kampeni, nao wakacheka. Fabian, katekista wetu, alikuwa na ratiba ameiandika kwenye karatasi. Nilimwambia aikunje aitie mfukoni, Bikira Maria hana pa kwenda. Himo tulipumzika mpaka jua likapoa. Kutoka Marangu niliwapitisha njia za juu, katikati ya kahawa na mifereji, kwa sababu barabara ya lami ina kelele. Mwika, wakwe wa Monica, mmoja wa mahujaji, walituchinjia mbuzi, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeiva vizuri. Tukalala hapo siku mbili.

Jumatano jioni Fabian alinivuta pembeni. Alinikumbusha kwamba nilimwahidi ndugu yangu siku ile.

"Amesubiri miaka tisa," nilimwambia. "Siku mbili ni nini?"

Nilijiona mtu mwenye moyo mtulivu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kumtazama Sirili usoni, na kata ya mbege ilikuwa rahisi zaidi.

Tulifika Mashati Ijumaa, saa nne asubuhi. Wenzangu waliendelea na njia ya groto, mimi nikakata kuingia kihambani. Niliona turubai uani na wanawake wakimenya ndizi. Stella akanishika mkono akanipeleka nyuma ya banda la ng'ombe, akaniambia mume wake amefariki alfajiri ile.

Alinieleza bila kupandisha sauti. Jumatano asubuhi tumbo la Sirili lilivimba. Daktari wa zahanati alisema utumbo umejisokota, apelekwe kupasuliwa siku hiyo hiyo. Gari la jirani lililetwa mpaka mlangoni. Sirili aligoma kulipanda. Stella alinipigia, simu ikaita mezani kwangu Soweto. Alituma bodaboda mpaka Himo, ikapita lami kwenda na kurudi, na sisi tulikuwa tumekaa juu kwenye migomba. Kila alipomsihi mumewe, alipewa jibu lilelile.

"Wense yuko njiani. Nikiondoka, isale litakuta mlango mtupu. Sitamfanyia hivyo kaka yangu."

Gari lilikaa uani siku mbili. Nililia mpaka nikashika ukuta wa banda. Stella alinisubiri nimalize. Kisha aliniomba nijifute uso, watu walikuwa wanafika.

Tulimzika Jumapili kwenye migomba yake. Mwanawe Jesse alikuwa ametoka Mwanza, na njiani alikuwa ameongea na yule daktari. Baada ya chakula, ukoo mzima ukiwa umekaa, alisimama mbele ya mama yake.

"Gari lilikuwa hapa siku mbili, mama. Ulikuwa unasubiri nini?"

Stella alinitazama. Najua alikuwa ananiachia nafasi niseme mwenyewe. Niliangalia viatu vyangu, bado vilikuwa na vumbi la Mwika.

"Nilidhani tumbo litapoa lenyewe," akasema.

Jesse alimwambia kuanzia leo asimpigie simu, akachukua begi lake akashuka kuelekea barabarani. Wazee wakaguna, wakimtazama Stella kwa jicho baya, na mimi nikaguna pamoja nao.