Viganja vya Mke wa Mfugaji

Mke wa mfugaji wa konokono alifinya udongo wa trei ya kwanza. Ulishikamana bila kuchuruzika, na hivyo ndivyo mayai yanavyotaka. Udongo ukikauka, mayai husinyaa kama kunde za mwaka juzi. Ukilowa kupita kiasi, huoza kabla ya kuanguliwa.

Tangu aolewe, viganja vyake vilitoa maji vyenyewe, kiasi kile kile kinachotakiwa. Mumewe alikuwa amejaribu bomba la kunyunyizia, akajaribu na vibarua, mayai yakagoma. Basi akamwekea mkewe kitanda bandani, katikati ya trei, na kila alipotoka alitia kufuli. Kwa ajili ya wezi, alisema.

Mama yake huyo mke alipougua, dada yake alikuja akasimama nje ya wavu wa dirisha.

"Hali si nzuri. Anakuulizia wewe tu."

Mke akamgeukia mumewe. "Niache nikamwone. Jioni narudi."

"Na jua hili?" Mume hakukasirika hata kidogo. "Subiri mayai yaanguliwe kwanza. Mama ni mtu mzima, ataelewa."

Dada akaenda zake peke yake.

Konokono wachanga walipotoka, magamba yao laini yakipenywa na mwanga, mama alikuwa ameshazikwa. Alasiri ile alikuja mwenyewe. Alipita kwenye mlango uliofungwa, sanda imeingia vumbi, akaketi kitandani.

"Nilikusubiri, mwanangu."

"Nilifungiwa, mama."

"Nimeona."

Akamshika mikono. Viganja vya mama vilikuwa vikavu kama majivu. Vya binti vikaacha kutoa maji, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe maji yakamtoka machoni.

Mume aliwakuta hivyo. Akampa mama mkwe shikamoo yake, akampa na pole ya safari. Kisha akatazama viganja vile vikavu, akatazama na trei za nyuma, zilizokuwa zikivujiwa na paa, akamwomba mama aguse moja. Alipoigusa, udongo ukapungua maji hadi pale panapofaa.

"Mama, umekuja wakati mzuri kweli," alisema.

Mama alimtazama binti yake. Yeye angeweza kutoka kama alivyoingia, binti asingeweza. Akakunja sanda mpaka viwikoni, akaenda kwenye trei za nyuma.

Kabla ya magharibi mume alileta kitanda cha pili, chenye godoro jipya, akauliza kwa adabu kama mama angependa kulala upande wa dirishani.